Kocha Tuliyemlisha Mno

Sato yule alikuwa mkubwa hadi mkia wake ulining'inia nje ya kikaango, na mimi nikajiona nimefanya kazi ya maana sana siku ile. Nilimpamba kwa vitunguu na ndimu, nikamweka kwenye sahani ya maua ambayo Mama huitoa Krismasi tu, nikampeleka sebuleni nikiwa nimekunja magoti kidogo, kama ninavyofanyaga mbele ya mtu mzima. Kocha alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mwanza, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Akamtazama samaki. Akamtazama Mama.

"Jamani, huyu wote wangu?"

"Na ugali unakuja," nikamjibu.

Wakacheka wote wawili. Nikarudi jikoni nikiruka. Nilidhani mambo yameanza vizuri.

Mama si mama yangu wa kunizaa. Ni bosi wangu, lakini pale kazini kila mtu anamwita Mama, hata wanaomzidi umri. Biashara yake ni maziwa. Yanakusanywa Butiama kutoka kwa familia zinazofuga, yanaletwa Musoma, tunayagandisha kuwa mtindi na kuuza dukani mjini. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache yalivyo, nikaanza pale kwa kuosha chupa, na kupika wageni wakija nyumbani kwa Mama. Nilikuwa nakaa Bweri, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama shamba la mihogo la jirani, na kila asubuhi nikipanda bodaboda kwenda mjini nilikuwa naota. Ndoto yangu ilikuwa gari la maziwa la rangi nyeupe, limechorwa ng'ombe anayecheka, na mimi nimekaa mbele na funguo za kituo changu mwenyewe. Niliwahi kumwambia dereva wa bodaboda. Akaniuliza huyo ng'ombe anacheka nini wakati amekamuliwa. Ndoto niliendelea nayo hata hivyo.

Kituo cha Butiama kilikuwa cha Mjomba. Yeye ni mdogo wake Mama, wa tumbo moja, na kwa kuwa yule ni Mama, huyu akawa Mjomba wetu sote. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi, lakini Mama kwenye simu alimwita "we mtoto". Kila alfajiri Mjomba alifungua mlango, akapokea maziwa, akayapima, akayamimina kwenye tenki la baridi. Pembeni ya mlango kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe chake cha bati cha bluu. Akimaliza chai alikiosha mwenyewe, akakirudisha pale. Ukikigusa alikuwa anakwambia, "Hicho kina mwenyewe, chukua cha wageni."

Sasa, shida ilikuwa hii. Mama aliongoza Butiama kutoka Musoma kwa simu. Alikuwa akiamka, anatoa amri, anakata. Siku moja aliamua kwamba maziwa ya jioni yasipokelewe tena, kwa sababu yalikuwa yakiharibika njiani. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini aliyesimama mlangoni kuwarudisha akina mama na madumu yao alikuwa Mjomba. Hao ni watu anaokutana nao kanisani, anaochimba nao makaburi, ambao watoto wao wanacheza na wa kwake. Alijaribu kumwambia dada yake. Akajibiwa, "We fanya nilivyosema." Akafanya. Hakulalamika tena. Miezi ikapita, halafu siku moja, mvua za masika ndiyo zinaanza, akapiga simu nikiwa nimesimama kando ya Mama na chupa mkononi.

"Dada, mvua zikiisha tafuta mtu mwingine wa Butiama. Nimepata fremu Kabasa, kule Bunda, nitafungua duka langu."

Mama akacheka. "Duka la nini, we mtoto? Utarudi kabla hujapaka rangi." Akakata simu. Lakini siku nzima ile aliweka chumvi kwenye chai yake na akainywa bila kujua.

Kila mtu alijua. Vijana wa chupa walijua, mimi nilijua, Mama alijua kuliko sisi wote. Mvua zikiisha Mjomba ataondoka, na bila yeye Mama alikuwa na tenki na simu tu. Tena ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

Ndipo mradi mmoja wa wanawake wafanyabiashara ukamletea kocha. Kocha wa viongozi, walimwita. Vijana wa chupa walifurahi sana.

"Kocha? Atatupanga namba ngapi?"

"Wewe benchi. Tena benchi la nje ya uwanja."

Mimi nilielezwa kwamba kazi ya kocha huyu si kufundisha biashara. Anakaa na kiongozi, anamuuliza maswali, kiongozi anajitafutia majibu mwenyewe. Nilishangaa kidogo kwamba mtu anasafiri kutoka Mwanza kuja kuuliza tu. Lakini mgeni ni mgeni, na mgeni wa Mama hakai na njaa nikiwa nina mikono.

Hapo ndipo tulipokosea, na hadi leo nikikumbuka naona aibu ya kucheka na ya kulia pamoja. Kwetu huku, mgeni akija nyumbani kwako unampa kiti, unampa maji, unampa chakula, unampa habari nzuri. Humwambii mgeni kwamba ndoa ina ufa au ng'ombe wanakufa. Unasema hatujambo, watoto wazima, kazi inaendelea. Shida anayo yule aliyekuja. Yeye ndiye ametoka kwake, kwa hiyo mwenyeji anasubiri, mgeni ale, anawe, akohoe kidogo, aseme kilichomleta.

Kwa hiyo kocha alikaa sebuleni kwa Mama akauliza, "Ni jambo gani linakusumbua zaidi katika uongozi wako sasa hivi?" Na Mama, mwenyeji, akajibu, "Hakuna kwa kweli, tunamshukuru Mungu. Ongeza mboga."

Safari iliyofuata nilipika kuku wa kienyeji. Nyingine nikapika kichuri, ile supu yetu chungu, ambayo kocha aliinywa macho yamemtoka huku akisema nzuri, nzuri. Nilitafuta mapishi kwenye simu, nikajifunza kukunja sambusa. Vijana wa chupa walikuwa wakiuliza, "Kocha anakuja lini?" kwa sababu makombo yalikuwa yao. Saa ya mazungumzo ilikuwa inaisha kwa kunawa mikono. Mvua zilikuwa zinanyesha, siku za Mjomba kwetu zilikuwa zinahesabika kwa wiki sasa, na mimi nilikuwa nasumbuka iliki imekwisha.

Mwishowe kocha alisema kwa upole mlangoni, "Mama, safari ijayo naomba nisipikiwe. Tupate muda."

Kwa siku kadhaa Mama hakuacha kulisema hilo. "Mtu anakataa chakula changu? Kwangu? Nimemkosea nini?" Nilimwambia labda ana presha, wanamkataza mafuta. Basi alipokuja tena nilichemsha badala ya kukaanga.

Lililotuokoa halikupangwa na mtu. Mama alikwenda Bunda kuangalia mahali pa kufungua tawi, akanichukua nimbebee sampuli za mtindi kwenye boksi la barafu. Siku hiyo hiyo kocha alikuwa njiani kuja Musoma, na basi lake likaharibika pale Bunda. Akapiga simu, Mama akamwambia tupo hapa hapa. Tulimkuta kwenye hoteli moja ndogo karibu na stendi, ameshakaa, ameshaagiza chai na chapati za watu watatu.

"Karibuni," akasema. "Leo mimi nimetangulia, kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji."

Mimi nilitaka kuinuka nikalipie, mkono umeshaingia kwenye pochi. Kocha akanishika kiganja. "Binti, kaa. Leo unakula tu."

Mama akala. Akanywa maji. Akanawa. Halafu akakohoa kidogo, akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mimi nimekuja na shida."

Chai yangu ilimwagika. Sikuamini. Mama hakuwa ameamua kufunguka. Mwili wake tu ulijua kwamba amekaa mahali pa mgeni, ameshalishwa, na sasa ni zamu yake kusema. Kocha akauliza kama yuko huru mimi nikiwepo. Mama akasema huyu ni mtoto wangu, mwache. Na maneno yakatoka kama bomba lililoziba likizibuliwa. Mdogo wake. Madumu ya jioni. Fremu ya Kabasa.

Kocha hakutoa ushauri wowote. Aliuliza, "Alipokuambia kuhusu maziwa ya jioni, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia afanye."

"Yeye akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Ukauelewaje huo ukimya?"

Mama akaanza kukunja ncha ya khanga yake. Kocha naye akanyamaza. Kocha huyu akinyamaza, ananyamaza kweli. Hachezei simu, haangalii nje. Mpiga debe alipita akiita abiria wa Mwanza, mhudumu akaja akafuta meza iliyokuwa safi, bado wamekaa. Mimi nilitaka kusema chochote, hata kuhusu hali ya hewa.

"Nilidhani amekubali," Mama akasema. "Kumbe alikuwa ameondoka. Siku ile ile."

Kitambaa changu cha kichwa nilikitumia kwa kazi nyingine. Mimi nalia upesi, hilo linajulikana.

Tangu siku ile walikutana Bunda. Kocha alikuwa anashuka kwenye basi, Mama anapanda gari kutoka Musoma kumfuata, chai ni ya kocha. Na mimi niliyekuwa nashangaa kwamba mtu analipwa kuuliza maswali nikaona kwa macho yangu inavyofanya kazi. Mama hakugeuka mtu mwingine. Bado anapiga kelele chupa ikivunjika. Ila alianza kuuliza na kusubiri. Mara ya kwanza alipowauliza vijana wa chupa, "Nyie mnaonaje?" walitazamana kama wamekamatwa. Mmoja akasema, "Mama, tumefanya nini?" Akawaambia hamjafanya kitu, nauliza tu. Ilichukua muda wakaamini. Baadaye wakaanza kusema, wakasema hadi ikabidi wanyamazishwe. Funguo za stoo, ambazo zilikuwa zinalala chini ya mto wake, akanipa mimi. Akaniambia, "Sijalala vizuri hivi tangu nianze biashara." Kwa kweli hata uso ulimjaa.

Na mimi pia nilipata changu. Siku moja pale Bunda kocha alinigeukia tu, bila taarifa. "Na wewe binti, unataka nini?" Nikasema kama tulivyofunzwa, "Chochote Mama atakachoona." Akanyamaza ule unyamazaji wake. Nikavumilia, nikashindwa. Nikamwambia gari, na ng'ombe anayecheka, na kituo. Mama akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Kumbe una mambo," akasema.

Lakini mvua zilikuwa zinapungua. Kila tukirudi kutoka Bunda barabara ilikuwa kavu zaidi, na vumbi la Guta lilianza kurudi kwenye majani. Ndipo hesabu ya kichwani iliponiuma. Zile safari zote za sato na kuku. Kila saa niliyomjaza kocha ugali ilikuwa saa ambayo swali lile lingeulizwa mapema, Mjomba akiwa bado hajapaka rangi mlango wake.

Kocha alimuuliza Mama, "Sasa unataka kumwambia nini mdogo wako?"

"Sitaki kumwambia. Nataka kumuuliza."

"Utamuuliza ukiwa wapi?"

Mama akafikiri. Halafu akatabasamu kidogo. "Kwake. Niwe mgeni."

Tulikwenda Butiama asubuhi. Zamani Mama akifika alikuwa anaingia moja kwa moja kwenye tenki, anafunua mfuniko, ananusa, anakagua vidole vya watu. Siku ile alisimama nje ya mlango ule anaoumiliki yeye mwenyewe akapiga hodi.

Mjomba akachungulia. "Dada? Unapiga hodi una nini?"

"Naomba kuingia."

"Unaumwa?"

Akaketi kwenye benchi la wauza maziwa. Mjomba akabaki amesimama na kitambaa mkononi hajui afanye nini, halafu mila ikamsaidia naye: akachemsha chai. Akampa dada yake kwa kikombe cha wageni. Yeye akatungua kile cha bluu. Wakanywa. Mama akakohoa, akasema kwamba amekuja na shida, na hapo wakaingia kwenye lugha ya nyumbani kwao ambayo mimi siijui vizuri, kwa sababu kwetu tunasema nyingine. Kwa hiyo niliyaona tu mazungumzo yale. Niliona Mama anauliza kwa maneno machache na kukaa kimya. Niliona Mjomba anaanza taratibu, anaonyesha mlango, anaonyesha barabara wanakotokea akina mama na madumu. Wakati fulani Mama alifunika uso. Wakati mwingine wakaangua kicheko wote wawili, kile kicheko cha watoto waliolala mkeka mmoja, hadi akina mama waliokuwa wanapanga foleni nje nao wakacheka bila kujua kwa nini. Nikajisemea, basi, imekwisha, anabaki. Tayari nilikuwa napanga nitapika nini jioni.

Tulikuwa ndani ya gari, tunakaribia kuingia mjini, ndipo Mama akanigeukia.

"Nimemuuliza angependa ile ya maziwa ya jioni iweje," akasema. "Unajua amesema nini? Kwamba hakupinga kuyakataa. Alitaka tu aachiwe awaambie mwenyewe, kwa maneno yake, na siku zake. Awazungukie majumbani. Basi. Hicho tu."

"Kwa hiyo anabaki?"

"Watoto wameshaanza shule Bunda. Mkewe ameshahama. Bango limeshaandikwa." Akaangalia nje. "Kaniambia, 'Dada, ungeniuliza kabla ya mvua.' Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali."

Nilimwambia pole Mama. Nikamwambia pia kosa ni langu na sufuria zangu. Akanipiga kofi dogo la bega. "Wewe ulipika. Mimi ndiye niliyekuwa nasema ongeza mboga."

Kocha alikuja mara chache tena, mradi ukaisha. Siku ya kuagana nilimuuliza kama angekuwa amekuja mwaka mmoja kabla, mambo yangekuwaje. Nilitegemea jibu, kwa sababu alikuwa anaondoka. Akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Hadi mwisho!

Mjomba alipoondoka, Mama aliniuliza kama ile ndoto yangu bado iko palepale. Nikasema ipo. Basi kituo cha Butiama ni changu sasa. Ng'ombe anayecheka bado hajachorwa, na gari lenyewe ni la kukodi, lakini funguo ninazo mimi, na alfajiri mimi ndiye ninayefungua. Nilipoingia siku ya kwanza nilikuta msumari mtupu. Nilikuwa nimeota kituo miaka yote ile, na kwenye ndoto hakuna mtu aliyekuwa ametoka ili mimi niingie.

Najitahidi. Mmoja wa akina mama akileta maziwa yenye kasoro, simrudishi mlangoni mbele ya wenzake, namuuliza, nasubiri. Nikikosea namuuliza Mama kwa simu, naye ananijibu kwa swali, ameambukizwa. Siku nyingine nasema, "Mama, leo nipe amri tu, nimechoka." Anacheka hadi simu inakoroma.

Wiki iliyopita Mjomba alipita. Alikuwa na msiba wa jirani huku, na Mama naye alikuwa amekuja kutuona. Mjomba alipiga hodi. Amenenepa, duka linaenda, wanauza mpaka mtindi wetu. Nilimpa chai kwa kikombe cha wageni, kwa kuwa chake yuko nacho Kabasa. Mama akamuuliza habari za huko, akasubiri vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, mikono mapajani. Mjomba akasema nzuri, watoto wazima, biashara inaendelea. Akauliza ng'ombe wa fulani walipona. Nikamjibu walipona.

Alipomaliza chai aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya maji, akaanza kusuuza kikombe, na mkono wake wa pili ulikuwa tayari unapapasa ukutani kutafuta msumari.

"Acha hicho, bwana," Mama akamwambia, kwa upole tu, wala hakufikiri. "Mgeni haoshi vyombo."

Wakatazamana. Mjomba akaweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Mimi nikakichukua nikatoka nacho nje, nikakiosha kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.